Plasta Mbili Zilizobanduka Hedaru

Nimemwagiza mjukuu wangu aandike ninavyosema. Asiniongezee upole nisio nao wala asinipunguzie ukali nilio nao. Maneno haya ni ya kwenu, vijana mnaoingia katika kazi ya damu: mnaochoma, mnaobeba, na mnaokaa mbele ya mashine mkisubiri zitoe majibu. Mimi sikuingia darasani hata siku moja. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliishuka milima hii ya Upare kutoka Suji hadi barabara kuu, damu za watu zikiwa mgongoni mwangu, na ninajua jambo ambalo huenda hamkufundishwa. Mfanyakazi wa damu asiyeogopa ni mtu wa hatari. Na anayeogopa kisichostahili kuogopwa ni wa hatari zaidi. Mimi nilikuwa huyo wa pili.

Nianze na mikono. Kabla ya kumshika mzee, pasha viganja vyako joto. Huku juu asubuhi ni baridi, na mshipa ukishtuliwa na kiganja cha barafu hujificha kama panya. Mketishe, usimchome amesimama, hata akikuambia kwamba yeye alikuwa mwanajeshi. Waliowahi kuwa wanajeshi ndio walioniangukia zaidi. Usimuulize kama anaogopa. Muulize kuhusu mahindi yake. Akianza kuwalaani ngedere wanaoyaiba, mchome hapo hapo, kwa kuwa mtu hawezi kumchukia ngedere na kuisikia sindano kwa wakati mmoja.

Chupa ikijaa, usiitikise kama kibuyu cha maziwa ya mgando. Igeuze polepole, juu chini, mara nane, kwa utaratibu ambao ungemgeuza nao mtoto mchanga. Ndani yake mna dawa, na dawa hiyo inatakiwa ikutane na damu bila vurugu. Kisha barafu: isiiguse chupa. Chupa ikilala juu ya barafu tupu, damu huharibika. Mimi nilizizungushia kanga kuukuu, na barafu nikaiweka nje ya kanga. Daktari msomi aliponiona alisema kwamba kitabu chake hakikutaja kanga. Nikamwambia akiongeze ukurasa.

Niliianza kazi hii kwa ufagio. Katika zahanati moja ya mlimani nilifagia, nilichota maji, na nilichemsha sindano. Siku zile sindano zilikuwa za kioo, na glavu moja ilifuliwa, ikaanikwa, ikapakwa poda na kuvaliwa tena mpaka vidole vikatoboka. Siku moja nilisahau sufuria jikoni. Maji yakakauka, na sindano zote zikapasuka kama bisi. Muuguzi mkuu hakunigombeza. Alikusanya vipande, akavihesabu mbele yangu kimoja kimoja, akaondoka. Nilitamani anipige.

Kisha ikaja miaka ile ambayo ninyi mnaisikia tu. Mashamba ya mkonge huko tambarare yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Babu yenu Eliewaha, mume wangu, aliyekuwa mkata mkonge tangu ujana wake, alirudi nyumbani na panga lake na kikopo chake cha ugoro, basi. Maduka yaliyokuwa matupu yakaanza kujaa. Sabuni ikarudi, sukari ikarudi, na pamoja nazo zikaja sigara za kila rangi, zikiuzwa moja moja kama peremende. Hapo ndipo walipofika Same watafiti wa maradhi ya tumbaku. Walitaka watu wazima waliovuta, waliotafuna au waliovuta ugoro kwa miaka mingi, watolewe damu kila baada ya miezi mitatu, ili saratani ya kinywa, ya koo au ya mapafu ionekane mapema. Walihitaji mtu wa kupanda nyumba kwa nyumba. Muuguzi mkuu akanitaja.

Kiongozi wao alikuwa Daktari Rehema, mwanamke kijana, mwenye sauti ndogo na macho yasiyopepesa.

"Mama, unajua kusoma?" aliniuliza.

"Daktari, hakuna njia katika mlima huu nisiyoisoma."

Alicheka. Akaandika jina langu. Nami nikaacha kicheko chake kiwe jibu. Nyumbani kwangu watoto walikuwa wakila mara moja kwa siku, na babu yenu alikuwa akikaa mlangoni akiutazama mkono wake wa kukatia mkonge kana kwamba ni wa mtu mwingine. Sikusema uongo siku ile, lakini ukweli pia sikuusema. Jihadharini na nafasi iliyo kati ya hayo mawili, kwa maana niliishi humo muda mrefu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Bilali, mtaalamu wa maabara, mwenyeji wa Kigoma. Alikuwa ameletwa tambarare na zahanati ya shamba la mkonge, na shamba lilipofungwa akabaki Same, kwa kuwa alikuwa amesahau, alivyosema mwenyewe, njia ya kurudi. Alinitania kutwa.

"Ninyi Wapare," alisema, "majibu yakiwachukiza mtayakatia rufaa."

"Na ninyi wa Kigoma, damu zenu hazihitaji mashine. Zimejaa mawese matupu."

Lakini alipofundisha hakutania. Nilipomuuliza ni nini hasa kinachotafutwa ndani ya damu, alinijibu kwa swali.

"Mama, pembe ya msaragambo ikilia kwenu, hutoka nani?"

Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja, na pembe ndiyo huita watu. Nikamwambia inategemea kazi. Ikiwa ni kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba, hutoka wenye majembe. Ikiwa ni kujenga, hutoka wenye migongo ya kubeba mawe.

"Basi," alisema. "Kila chembe ya mwili wako ina kijiji kizima cha maagizo, yale yale tangu ulipozaliwa. Mengi yamelala. Yanayofanya kazi ni yale yaliyoitwa. Sasa tumbaku ni mgeni aliyeiba pembe. Huwaamsha wasiotakiwa, huwalaza walinzi. Saratani ikianza, au ikirudi baada ya kukatwa, wito hubadilika hata kabla uvimbe haujaonekana kwa macho. Damu hupita katika kila kitongoji, kwa hiyo hubeba mwangwi wa pembe. Sisi tunapima mwangwi."

"Na mwangwi hudumu muda gani?"

"Ndiyo sababu nakupa barafu."

Akaniongezea jambo ambalo nataka mlishike. Damu si hakimu. Humnong'oneza daktari mahali pa kutazama, kisha daktari hutazama kwa macho, kwa taa na kwa picha. Asiyeitwa na damu hatazamwi. Kwa hiyo jina lililo juu ya chupa ni nusu ya uhai wa mtu.

Jina hilo mimi sikuweza kulisoma. Nilikuwa na nyumba kumi na mbili. Vibandiko vya kiwandani vilikuwa vimekwisha, hivyo Bilali aliandika majina kwa kalamu ya wino juu ya plasta ya vidonda. Nilimwomba azipange kwa kufuata njia yangu: nyumba ya kwanza plasta ya kwanza, ya mwisho plasta ya mwisho. Alidhani ni bidii. Nami nilibandika kwa mpangilio, nikachomeka kila chupa katika tundu lake kwenye kibao, na katika safari mbili za kwanza hapakuwa na kosa lolote. Nikaanza kuamini kwamba kusoma ni pambo.

Safari ya tatu nilishukia Hedaru, kando ya barabara kuu, kwa kuwa huko ndiko alikokuwako mwenye duka la soda aliyekuwa akitupatia barafu. Barafu yangu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, na duka lilikuwa limefungwa kwa msiba. Nikakaa kando ya barabara kulisubiri basi la Same, boksi la chupa likiwa mapajani. Ilikuwa siku ya soko. Malori yalikuwa yamepangana, na vumbi lilikuwa limesimama hewani.

Mpiga debe mmoja alikuja kunipokea mzigo kabla basi halijafika, kama ilivyo desturi yao. Nikakataa. Akavuta. Kifuniko kikafunguka.

"Jamani! Damu!"

Sijui kama ninyi mnalijua vizuri neno lililofuata. "Mumiani!" Mnyonya damu, muuza damu za watu. Lilitoka kinywani mwa mmoja, na kabla sijasimama lilikuwa katika vinywa vya wote. Kila mtu wa rika langu alikwisha kusikia habari za watu waliopigwa kwa neno hilo tu. Nilijaribu kusema kwamba natoka kwa watafiti. Sauti yangu ilimezwa na kelele zao. Mwanaume mmoja aliinua chupa juani, akampa mwenzake, huyo akampa mwingine. Mmoja aliinusa. Mwingine alikipindua kibao. Nilisikia jiwe likiokotwa. Msidhani jiwe halina sauti linapookotwa.

Aliyeniokoa alikuwa mwanamke wa kijiji cha Mamba aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake la tangawizi. Hakuinuka hata kidogo.

"Tangu lini mumiani akasubiri basi la Same kama sisi?" alisema kwa sauti ya kuuza. "Mtazameni miguuni. Ndala moja nyekundu, moja ya bluu. Muuza damu gani huyo asiyeweza kununua ndala za kufanana?"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Kundi likicheka haliwezi tena kuua. Chupa zikarudishwa moja moja, nyingine kwa heshima, nyingine zikitupwa. Nikazihesabu: kumi na mbili, wala hakuna iliyopasuka. Nikamshukuru Mungu. Ndipo nilipotazama chini ya boksi, ndani ya maji ya barafu. Palielea plasta mbili. Na kati ya chupa kumi na mbili, mbili zilikuwa uchi.

"Zimeandikwaje hizo?" yule mama wa Mamba aliuliza. "Nisomee, nikusaidie kuzipanga."

"Nazijua," nilimwambia.

Sikuzijua. Sikujua plasta zile zilikuwa na majina ya nani, wala chupa zile zilikuwa na damu za nani. Nilizikausha kwa upindo wa kanga, nikaibandika moja huku na nyingine huku, kisha nikazichomeka chupa zote katika kibao nilivyoweza. Basi likaja.

Same, Bilali alizipokea, akazitazama.

"Hizi mbili zimepinda."

"Maji ya barafu."

"Zilibanduka?"

"Zililegea."

"Mama, kulegea si kubanduka."

"Zililegea," nilirudia, na nikamtazama machoni mpaka yeye akaangalia pembeni, kwa sababu nilikuwa mwanamke mzima na yeye alikuwa mtu wa adabu.

Vijana, hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Zile plasta zilibandukia Hedaru, lakini kosa lilifanyika Same, nikiwa nimekaa kivulini na maji ya kunywa mkononi. Ningesema "zilibanduka", kesho yake ningepanda tena na sindano mbili, au kumi na mbili. Lakini Bilali angeniuliza majina gani, nami ningelazimika kusema sijui kusoma. Nikaogopa hilo kuliko kifo cha mtu.

Miezi miwili ikapita, zamu ya nne ya damu ikiwa bado. Mvua za vuli zilikuja, zikaondoka. Kila niliyempita njiani nilijiuliza kama ni mmoja wa wale wawili. Nilijifariji kwamba huenda damu zote zilikuwa njema, kwa hiyo kubadilishana kwa mbili njema si kitu. Ndipo barua ikaja kutoka kwa wakubwa wa utafiti. Damu kumi na moja zilikuwa tulivu. Moja ilikuwa imebadilika sana, na jina lake lilikuwa Mzee Sefania.

Sefania, mwanaume wa miraba minne, alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa. Wakamtazama kinywa, wakamtazama koo, wakampiga picha ya kifua. Akarudi na mkate wa mjini chini ya kwapa, akicheka.

"Wamenichungulia kila tundu Mungu alilolitoboa," aliniambia, "na hawakuona hata kikohozi."

Bilali hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake, ile barua ikiwa gotini.

"Sielewi, mama. Mwangwi unalia, na mtu ni mzima."

Mimi nilielewa papo hapo. Ile haikuwa damu ya Sefania. Ilikuwa ya mmoja wa wale wengine kumi na mmoja, waliokwisha kuambiwa warudi mashambani kwao kwa amani. Mmoja wao alikuwa akioza kimyakimya, na mkono uliomficha ulikuwa wangu. Na kati ya hao kumi na mmoja alikuwamo babu yenu.

Mngedhani nilikiri siku hiyo. Sikukiri. Nilijidanganya kwamba nitamtafuta mwenyewe. Nilipika makande, mahindi magumu na maharage, nikayabeba kwenye vyombo nyumba kwa nyumba, nikijifanya nashukuru kwa ukarimu wao. Nilikaa nikiwatazama wakila: nani anatafuna upande mmoja, nani anameza kwa kufumba macho. Walifurahi. Mzee mmoja alimwambia mkewe ajifunze kwangu. Mwalimu Yohana, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, aliyekuwa amevuta sigara tangu alipokuwa karani wa mkonge, alikula polepole mno, kisha akaweka kijiko chini.

"Mama, leo mahindi yako hayakuiva."

Yalikuwa yameiva. Nilikasirika, nikachukua chombo changu, nikaondoka. Nilikwenda kutafuta dalili, nikaiona, nikaichukulia kuwa ni dharau kwa mapishi yangu.

Baada ya juma moja na zaidi, ilikuwa mchana, babu yenu aliisukuma sahani yake.

"Nipikie uji tu. Shavu hili linaniuma."

Lilikuwa shavu la kushoto. Sikumaliza kuosha vyombo. Niliteremka mlima mbio kama mwenye kufukuzwa na nyuki, nikapata lori hadi Same, nikamkuta Bilali akiosha vioo.

"Zilibanduka," nilisema kabla ya salamu.

Alifunga bomba. "Ngapi?"

"Mbili."

"Majina gani?"

"Sijui. Sijui kusoma, Bilali. Sijawahi kujua."

Maji yalimdondoka viganjani. Nilitegemea utani, hata wa matusi. Hakunipa.

"Ilikuwa sindano moja," alisema mwishowe. "Kesho yake. Sindano moja tu, mama." Kisha akauliza, "Na kwa nini leo?"

"Nimechoka kubeba," nilimjibu. Huo nao ulikuwa uongo.

Daktari Rehema alinisikiliza akiwa amesimama. Alisema kwamba hanifukuzi, na nisidhani ni huruma; hakuna mwingine aliyezijua nyumba zile. Ila nitapanda na kijana msomi wa kuandika, na katika kila nyumba, kabla ya sindano, nitasema kwa kinywa changu nilichofanya. Niliapa moyoni kwamba sitakwenda. Nikaenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kwangu. Babu yenu alinisikiliza, akanyoosha mkono, akasema, "Choma." Hakunisemesha tena mpaka jino lilipong'olewa. Ndiyo, lilikuwa jino. Jino bovu tu.

Sefania alicheka mpaka akakohoa. Mjane mmoja alinitemea ugoro karibu na miguu, kisha akatoa mkono. Kumi na mmoja walitoa. Wa kumi na mbili, Mwalimu Yohana, aliketi kwenye kiti chake cha kamba uani, asiinuke.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nilisema yote. Alinisikiliza kama anavyosikiliza sauti ya tatu ikijaribiwa.

"Katika kwaya," alisema, "mwimbaji akikosea husikika papo hapo, naye huona haya, tunaanza upya. Wewe ulikosea, ukaendelea kuimba. Sasa unataka nikupe damu nyingine?"

"Naam, mwalimu."

"Ya kwanza ulipoteza. Ya pili utafanya nini nayo? Nenda."

Tulikwenda. Daktari Rehema alisukuma zile damu kumi na moja zipimwe kwa haraka ambayo sijaiona tena. Zote zilikuja tulivu, ya Sefania ikiwamo. Bilali alinitazama, nami nikamtazama, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema jina lililobaki. Nadhani hakuna woga unaozidi ule, vijana: kumjua mtu kwa kuondoa wengine.

Nilirudi kwa Mwalimu Yohana kesho yake, na kesho yake tena. Daktari alipanda mwenyewe mara moja. Akakaribishwa chai, akanyimwa damu. Nilikwenda asubuhi, nikakaa kwenye jiwe nje ya ua wake, nikaondoka jua likiwa kali. Mkewe, Mama Neema, aliniletea maji siku ya nne. Siku ya saba nilimsikia akiwafundisha waimbaji ndani, na katikati ya wimbo sauti yake ilikwaruza kama mlango. Akaanza upya. Ikakwaruza tena. Alitoka, akasimama mbele yangu.

"Nipe sababu ya kuuamini mkono wako."

"Usiuamini, mwalimu. Uangalie. Andika jina lako mwenyewe, ubandike mwenyewe, ubebe mwenyewe mpaka Same. Mimi nitatembea nyuma."

Aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa alisema wino hukimbia majini. Jambo hilo tungelijua mapema kama tungemuuliza karani. Tangu siku ile kila mtu katika utafiti wetu aliandika jina lake au alama yake kwa mkono wake, na asiyeweza alishuhudia likiandikwa. Leo mna vibandiko vyenye mistari ambayo mashine huisoma, na pikipiki zinazoshuka mlima huu kabla barafu haijatoa jasho. Ni vizuri. Lakini mashine husoma alichobandika mtu.

Madaktari hawakuyangoja majibu ya damu ile. Alipelekwa hospitali kubwa moja kwa moja, na uvimbe ulikuwa chini ya ulimi, nyuma, mahali ambapo mtu hajioni. Wakamkata. Alipona. Daktari Rehema aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama angekuja siku ile aliyoitwa Sefania, wangekata kipande na kumwachia ulimi. Hawakumwachia.

Miezi mitatu ilipotimia nilipanda kwake na boksi. Alikuwa uani, amekonda, taya likiwa limefungwa kitambaa. Kwaya ilikuwa imepata mwalimu mwingine. Alipotaka kusema jambo aliliandika kwenye daftari, na watu wote wa nyumba ile waliyasoma maneno yake na kumjibu. Mimi peke yangu nilisimama pale nisiweze kumsikia.

Aliandika, akamsukumia mkewe daftari. Mama Neema alisoma kimya kwanza. Akasita.

"Soma," nilimwambia.

"Anauliza: ungejua mapema kwamba mgonjwa ni mumeo, ungekaa siku ngapi bila kusema?"

Kuku walikuwa wakiparua nyuma ya nyumba. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kunisitiri.

"Hata moja, mwalimu," nilisema. "Nilisema siku ile ile niliyodhani ni yeye."

Alilifunga daftari. Kisha akakunja mkono wa shati, akauweka mkono wake juu ya meza, na akavikazia macho vidole vyangu, bila kupepesa, mpaka sindano ilipotoka.